Bustani ya mboga nyumbani: zao lipi linalipa, lipi linakula jasho bure

Ukitaka kujua kama kulima mboga nyumbani kunalipa, piga hesabu ya kila zao peke yake, usiipige ya bustani nzima. Kwenye tuta moja, mche wa kabichi na mche wa sukuma wiki hula nafasi inayokaribiana, maji yaleyale na samadi ileile. Kabichi utaikata mara moja, baada ya miezi mitatu hivi, na nafasi yake itabaki wazi. Sukuma wiki utaanza kuichuma wiki ya sita hadi ya nane tangu kuhamisha mche, na ukiitunza utachuma miezi kadhaa kutoka shina lilelile. Aliyejaza tuta kabichi atakwambia kilimo cha nyumbani ni kujichosha tu. Jirani yake mwenye sukuma wiki hatamwelewa.

Msimamo wangu ni kwamba kunalipa, tena vizuri, kwa mboga zenye sifa tatu: zinachumwa mara nyingi, zinanyauka upesi zikishavunwa, na zinatumika kidogo kidogo. Kwa mazao ya kuvuna mara moja na kuweka ghalani, mkulima wa shamba atakushinda kila msimu. Mwachie.

Nani apewe nafasi

Wa kwanza kabisa ni viungo vya majani: mnanaa, mrehani, rosmari, giligilani, vitunguu majani. Ukivinunua unauziwa fungu zima, chungu kinahitaji vijiti viwili, na vilivyobaki vinaoza. Nyumbani unakata unachotaka dakika unapokitaka. Mnanaa hauhitaji hata mbegu. Kata ncha ya shina yenye sentimita 10 hadi 12, ondoa majani ya chini, iweke kwenye glasi ya maji, na mizizi itaonekana ndani ya wiki moja au mbili. Ila upande kwenye chombo chake peke yake, kwa sababu hutambaa chini ya udongo na kuwameza wenzake. Giligilani haipendi kuhamishwa, kwa hiyo isie palepale itakapokaa. Joto likizidi hukimbilia kutoa maua, na dawa yake ni kusia kidogo kila baada ya wiki tatu badala ya kusia pakiti yote siku moja.

Baada ya hapo zinakuja mboga za majani zenyewe. Mchicha ndio wa haraka kuliko karibu zote. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, la sivyo zitaota kama manyoya. Miche ikifika sentimita 5, ipunguze hadi ibaki sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Hiyo uliyong'oa ni mboga, ipike. Mche ukifika sentimita 20 hadi 25 ukate ukiacha kisiki cha sentimita 8 hadi 10 chenye vifundo vichache, kwa sababu machipukizi yanatoka kwenye vifundo hivyo. Ukikata chini kabisa umeua mmea. Ukikata vizuri utarudi baada ya siku 10 hadi 14, na utavuna hivyo mara tatu au nne kabla haujatoa maua.

Saladi inafaa mahali penye ubaridi kiasi. Mbegu zake nyingi hukataa kuota udongo unapopita nyuzi joto 30 hivi, na watu hulaumu mbegu wakati tatizo ni joto. Siia kivulini au jioni, na majani yakianza kuwa machungu ujue mmea unajiandaa kutoa ua. Pilipili kali ni zao la heshima: mche mmoja au miwili inatosha familia nzima. Maharage ya kutambaa nayo yanafaa kama una ukuta au kamba.

Sasa zile za kuacha. Vitunguu maji kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 15 vinaingia 60 na kitu kwenye mita moja ya mraba, lakini unasubiri miezi minne kuvipata mara moja, na ni zao linalohifadhika kiasi kwamba la kununua linakufikia likiwa zima. Viazi mviringo ni hivyohivyo. Karoti inataka udongo laini usio na kokoto hadi kina cha sentimita 25, na mbegu zake huchukua hadi wiki tatu kuota huku uso wa udongo hauruhusiwi kukauka hata siku moja. Mahindi huchavushwa kwa upepo, kwa hiyo mistari miwili kando ya ukuta hutoa magunzi yenye mapengo. Kama unavipenda, panda kwa mapenzi, lakini usivitegemee katika hesabu.

Tuta la mita nne za mraba

Chukua tuta la upana wa mita 1.2, ambalo mkono unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani, na urefu wa mita 3.3. Hizo ni mita 4 za mraba. Sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande inakupa miche 20 hivi. Ikishakomaa, chuma majani mawili au matatu kwa kila mche kwa wiki, ukianzia chini na kuacha juu majani sita au zaidi. Hayo ni majani 40 hadi 60. Kwa jani la gramu 25, unapata kilo moja hadi moja na nusu kila wiki.

Upande wa pili wa daftari ni maji, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga kwenye jua kali hutumia milimita 4 hadi 6 kwa siku, maana yake tuta letu linataka lita 20 hivi kila siku isiyo na mvua, ndoo moja kubwa. Kwa wiki ni lita 140, yaani lita 93 hadi 140 kwa kila kilo ya mboga. Mwenye bomba lenye maji ya uhakika hataisikia gharama hiyo. Anayebeba maji kutoka mbali, au anayenunua kwa dumu, inabidi aanze na hesabu hii kabla ya kushika jembe, na pengine aishie kwenye vyombo vitatu vya viungo. Huo ni uamuzi mzuri kabisa.

Matandazo hupunguza mzigo. Tandaza nyasi kavu au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita chache wazi kuzunguka shina ili lisioze. Jua halitafika kwenye udongo, na magugu mengi yatakosa mwanga.

Muda ni dakika 10 kwa siku na nusu saa ya ziada kwa wiki, ila lazima ziwe za kila siku. Saa mbili za Jumapili hazifidii siku sita za kutopita bustanini. Mchicha unakauka Jumanne, viwavi wanaanguliwa Jumatano, na Jumapili unakuta vijiti. Ndiyo maana bustani iliyo hatua kumi kutoka mlango wa jikoni huzaa kuliko ile nzuri zaidi iliyo nyuma ya nyumba. Weka tuta pale unapopita ukiwa na shughuli nyingine.

Jua, udongo, samadi

Kabla ya kuchimba, angalia kivuli cha kuta na miti asubuhi, saa sita mchana na saa kumi. Nyanya, pilipili, bilinganya na matango yanataka saa 6 hadi 8 za jua la moja kwa moja. Mboga za majani huvumilia saa 3 au 4, na mahali pa joto kali hufurahia kivuli cha mchana. Chini ya hapo hakuna mbolea itakayosaidia.

Chimba kina cha sentimita 25 hadi 30 na uchanganye samadi iliyooza vizuri: ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba kwenye udongo uliochoka, kisha ndoo moja kila msimu. Samadi iliyooza hunukia udongo, haina joto ndani, na hutambui tena ni majani gani ng'ombe alikula. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya tumboni. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mboga inayogusa udongo, na siku 90 kwa isiyogusa. Ni kipimo kizuri kwa mtu yeyote, hasa kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Kuna hatari ya samadi ambayo wachache huizungumzia. Malisho yakipuliziwa aina fulani za dawa ya magugu ya majani mapana, dawa hiyo hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika na kukaa kwenye samadi kwa miezi mingi. Nyanya na maharage yatakayopandwa humo hujikunja majani kama vikombe na kudumaa, na mkulima atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kipimo chake ni rahisi. Changanya samadi na udongo nusu kwa nusu kwenye kopo, panda mbegu tatu za maharage, na kando yake panda nyingine tatu kwenye udongo mtupu. Baada ya wiki tatu linganisha. Majani ya kwenye samadi yakijikunja, usiipeleke bustanini.

Kama eneo liko kando ya barabara ya zamani yenye magari mengi, au chini ya ukuta uliopakwa rangi za mafuta miongo mingi iliyopita, fikiria madini ya risasi. Petroli ya magari yenye risasi iliachwa kabisa duniani mwaka 2021, lakini risasi iliyotua ardhini haiozi. Mahali kama hapo jenga tuta la kuinuliwa lenye udongo wa kuletwa kutoka kwingine, funika udongo wa pembeni usirushe vumbi, osha majani kwa maji mengi, na achana na mazao ya mizizi.

Wasio na ardhi

Chombo kinafanya kazi, ila ukubwa wake haujadiliwi. Saladi na giligilani hutosheka na lita 3 hadi 5 na kina cha sentimita 15 hadi 20. Pilipili inataka lita 10 hadi 15. Nyanya inataka lita 20 kwa mche mmoja, na ukiweka miwili utapata nusu ya matunda kwa kazi mara mbili. Toboa matundu sita hadi manane ya upana wa sentimita moja chini ya ndoo. Usiweke kokoto chini kwa kudhani zinasaidia maji kutoka: maji hukwama pale udongo laini unapokutana na kokoto, na mizizi inaishi juu ya tope. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji na moja ya mchanga mnene. Udongo wa shamba ukiwa peke yake hushikamana kama tofali ndani ya ndoo.

Ndoo ya lita 20 iliyolowa ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Kumi zake ni hadi kilo 300, kwa hiyo kwenye roshani au paa zipange karibu na kuta, zisirundikwe katikati au ukingoni.

Kosa kubwa la ndoo hutokea wakati wa kumwagilia. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa husinyaa na kuachana na ukuta wa chombo. Ukimimina lita moja, maji hupita kwenye ule ufa wa pembeni na kutoka kwenye matundu ndani ya sekunde chache. Kwa macho unaona umemwagilia hadi yamezidi, uso umelowa, chini kuna kidimbwi. Chokonoa kwa kidole hadi kifundo cha pili, utakuta vumbi kavu na mizizi imekwama katikati yake. Mmea unanyauka, wewe unaongeza maji, yanapita tena palepale. Chukua beseni, weka maji ya kina cha sentimita 10, tumbukiza chombo kwa nusu saa kinywe kutoka chini, kisha kitoe kichuruzike. Baada ya hapo usikiache kikauke hivyo tena. Kidole hichohicho ndicho kipimo cha kila siku: kikitoka na udongo uliolowa, acha, kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatokee chini.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kinyausi huua miche kitaluni ikiwa na siku chache. Shina husinyaa usawa wa udongo, linakuwa jembamba kama uzi, mche unalala. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na hupata nguvu miche ikibanana, ikikosa hewa na ikilowa usiku. Mche ulioanguka haurudi. Siia kwa kuachanisha, mwagilia asubuhi, na acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Vidukari ni wageni wa lazima kwenye sukuma wiki. Geuza jani ambalo kingo zake zimeanza kujikunja. Utawaona wamejipanga kando ya mshipa wa katikati, wa kijivu, wamejipaka unga wa nta, na kati yao ngozi nyeupe walizojivua. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina ni ishara ya mapema kuliko jani lenyewe, kwa sababu wanafuata majimaji matamu ambayo vidukari huyatoa, na huwalinda dhidi ya maadui zao. Siku ya kwanza waponde kwa vidole na ung'oe jani lililozidiwa. Wakiwa wengi, changanya mililita 5 za sabuni laini ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja na usubiri siku moja, kisha pulizia jioni chini ya majani hadi walowe. Sabuni huua aliyeguswa tu, ikikauka haina kazi, hivyo rudia baada ya siku nne au tano. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Na kama vidukari wanarudi kila wiki, punguza mbolea ya chumvichumvi: naitrojeni nyingi hufanya majani kuwa laini na yenye utomvu wanaoupenda.

Nyanya inastahili maneno yake. Ni zao la katikati: ladha yake ikiivia mtini haipatikani kwenye nyanya iliyochumwa kijani ili isafiri, lakini hudai uangalizi kuliko zote. Simika mti wa egemeo wa mita 1.5 siku ileile unayopanda ili usije ukakata mizizi baadaye. Kwa zile ndefu, vunja machipukizi yanayotoka kwenye kwapa za majani yakiwa na urefu wa kidole, na mche ukishakua ondoa majani ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Tunda likitokea na doa jeusi lililobonyea kwenye kitako, hiyo si ya kupigia dawa. Ni kuoza kitako, na chanzo ni kalisi (madini ya kalsiamu) kutofika kwenye tunda kwa sababu husafiri na maji, na maji yalikuja kwa mafuriko na ukame. Mwagilia kwa kiasi kilekile kila siku, weka matandazo, na usiongeze mbolea, kwani naitrojeni huzidisha tatizo. Maua yakidondoka bila kufunga tunda, angalia joto: mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku usiposhuka chini ya 24, chavua haifanyi kazi vizuri, na hakuna la kufanya ila kusubiri.

Bakajani chelewa, ugonjwa mwingine wa nyanya, ni jambo jingine. Mabaka ya kahawia iliyokolea, kama yamelowa mafuta, husambaa kwa siku chache kukiwa na ubaridi na unyevu. Ni kimelea kilekile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Mwagilia udongo, usilowanishe majani. Mche ulioshambuliwa sana ng'oa mzima na uutoe bustanini, usiuweke kwenye mboji. Kisha pale usipande nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi kwa misimu kadhaa, ikiwezekana miaka mitatu, kwani ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa ya udongo. Mwenye tuta moja tu hawezi mzunguko huo, kwa hiyo nyanya zake ziende kwenye ndoo, na udongo wake ubadilishwe kila msimu. Ule wa zamani utafaa mchicha.

Tuta nalo linahitaji kuzungushwa ili lisikae tupu. Sukuma wiki ikianza kutoa majani madogo magumu kileleni na shina likawa refu kama fimbo, imemaliza. Miche ya kuichukua nafasi huchukua wiki nne hadi sita kitaluni, kwa hiyo siku ya kusia mingine ni ile majani yanapoanza kupungua ukubwa, mmea wa zamani ukiwa bado unachumwa. Siia mbegu 30 kwa mahitaji ya miche 20, kwani mingine itakufa kitaluni na mingine itakatwa na sota, viwavi wanaokata mashina machanga, usiku wa kwanza shambani. Kuwazuia, mzungushie kila mche uliohamishwa pete ya karatasi ngumu, izame sentimita 2 hadi 3 ardhini na ibaki 5 juu. Shina likishakuwa nene kama penseli, iondoe.